Re: Kituo cha polisi kimefunguliwa, kesi zimepanda badala ya kushuka. Kwanini?

Mambo vp mkuu, nimesoma uzi wako, umekwama kwamba tangu wafungue kituo kidogo mtaani kwenu kesi za kujeruhi zimepanda. Mi nimekaa ulinzi shirikishi huku Makorora, Tanga, miaka kadhaa, hicho kitu tumekiona kwa macho. Cha kwanza kabisa angalia kama matukio ndo yameongezeka au watu wameanza kuripoti, maana zamani mtu akikatwa panga kwenye ugomvi wa kilabuni yanaisha kwa mjumbe, analipwa hela ya dawa basi, hakuna PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda kutibiwa) hakuna nini. Ndo maana ukilinganisha miaka tumia mauaji, maiti haifichiki kirahisi kama ngumi.

Gawa pia hizo kesi kwa idadi ya watu, uwatazame na vijana wa kiume, ndo wanaoua na kuuawa zaidi karibu kila nchi.

Alafu usidandie sababu moja. Marekani 1991 waliuawa karibu watu 10 kwa kila laki, kufika 2014 chini ya 5, polisi wakajisifu, wa magereza nao wakasema ni kwa kufunga watu wengi, wengine wakasema ni kuondoa risasi kwenye petroli (ile madini inayodhuru ubongo wa watoto, sio ya bunduki 😂). Ila Kanada mauaji yalishuka miaka hiyohiyo bila kujaza magereza vile, so jela peke yake haitoshi. Na 2020 Marekani yakaruka kama asilimia 30 ndani ya mwaka mmoja tu.

Namba zako ni za kituo au za hospitali? Ziweke hapa tuzione.