Bingwa wa gemu la magari na milima ya Lushoto

Kaka, umeuliza kama mdogo wako, anayewafunga wenzake kwenye gemu la mbio za magari hapo Ngamiani, Tanga, apewe gari halisi apandishe milima ya Lushoto. Bado, tafadhali.

Simuleta nzuri, yaani gemu linaloiga udereva wa kweli, inafundisha vitu vya kweli: pa kuanzia breki, namna ya kuingia kona, kurudisha usukani pale nyuma ya gari inapoteleza. Nyingine viwanja vyake vya mbio vimepimwa kwa leza, hata vituta vya lami vimo. Jann Mardenborough wa Uingereza alitokea kwenye gemu la Gran Turismo, akashinda GT Academy, shindano la kuwageuza wachezaji wa gemu kuwa madereva wa mbio, mwaka 2011, na 2013 akakimbia Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Ila katikati hapo alifunzwa kwenye magari halisi, na hilo watu hulisahau.

Kinachokosekana ni mwili. Kwenye gari halisi ukikanyaga breki kwa nguvu, mkanda unakubana kifua na mgongo unaachana na kiti. Tairi zikianza kuteleza, kiuno kinajua kabla ya macho. Nyumbani una kioo, sauti na mtetemo wa usukani basi. Halafu fikiria kushuka Soni hadi Mombo, kwenye barabara ya Lushoto: kona za kujikunja, breki zimepata moto mpaka pedali inalegea, na lori linapanda limekula upande wako.

Acheze, inamsaidia. Lakini aende shule ya udereva kwanza, apate lena, leseni ya kujifunzia, aanzie Raskazone hapo Tanga asubuhi magari yakiwa machache, mwalimu pembeni. Na kushuka mlima kwa gia ndogo afundishwe mapema kabisa.