Kabla ya Kuhamia Gari la Umeme, Jiulize Litalala Wapi

Wanaoniuliza kama wahamie gari la umeme huanza na bei ya petroli, nami huwauliza kwanza gari lao hulala wapi. Ninaishi Dar es Salaam kwenye nyumba yenye luku yake na nafasi ya kuegesha ndani ya uzio, na hilo, kuliko jambo lingine lolote, ndilo lililonipa ujasiri wa kuuza Toyota IST yangu ya petroli na kuchukua Nissan Leaf, gari la umeme lililotumika, kutoka Japani. Ningekuwa bado kwenye nyumba ya kupanga yenye luku moja ya kuchangia, nisingethubutu, kwa maana wapangaji hugombana kwa sababu ya pasi na friji tu, sembuse gari linaloweza kula uniti 30 kwa usiku mmoja.

Hesabu ya mafuta ni nyepesi. Kwenye foleni za mjini IST ilikwenda kilomita 12 hivi kwa lita, kwa hiyo kilomita 100 zilitaka lita nane na ushee. Leaf hutumia uniti 15 hadi 18 kwa umbali huohuo, na kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti, fedha hiyo haitoshi kununua hata lita tatu za petroli.

Kinachohitaji umakini ni betri, ambayo katika Leaf hupozwa kwa hewa tu, na joto la pwani huichosha mapema. Muuzaji atakuonyesha odomita na rangi inayong'aa; wewe tazama vijistari 12 vyembamba pembeni mwa geji ya chaji, kwa kuwa kikipotea kimoja tu, betri imekwisha kupoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Afadhali zaidi uende na kisomeo cha OBD, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya simu ya LeafSpy, usome mwenyewe asilimia ya uwezo wa betri iliyobaki. Muuzaji akikataa, ondoka.

Nyumbani, mwite fundi umeme avute laini ya peke yake kutoka meni swichi, yenye ethi na swichi yake ya kinga, kwa sababu soketi ya kawaida ikibeba mzigo huo saa kumi mfululizo hupata moto hadi plagi ikabadilika rangi. Waya wa kuchajia unaokuja na gari la Japani umetengenezewa volti 200, basi usiuchomeke kabla fundi hajathibitisha kwamba unastahimili volti 230 za kwetu. Habari ya oili na plagi za injini utaisahau, ila shokapu na bushi zitaendelea kuliwa na mashimo yaleyale.

Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40, ikiwa mpya, ilikadiriwa kwenda kilomita 243 kwa vipimo vya Marekani. Iliyotumika, kwa mwendo wa barabara kuu na kiyoyozi kikiwaka, itafika Morogoro kwa mashaka, ndiyo maana huko mimi hupanda treni ya SGR, ambayo nayo ni ya umeme. Anayekwenda Mbeya au Songea kila mwezi kwa gari lake, ningemshauri abaki na petroli kwa sasa, au achukue haibridi, gari linalotumia petroli na umeme kwa pamoja.