Bundi wa kitabuni na bundi wa mwembeni

Usiku ule bundi alipolia kwenye mwembe wetu hapa Morogoro, mama yangu alichota chumvi kiganjani akaimwaga kwenye makaa. Chumvi ikapasukapasuka, naye akawa ananong'ona dua. Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, alijificha ndani ya kanga yangu na hakutoka mpaka usingizi ulipomchukua. Wiki nzima baada ya hapo hakukubali kwenda chooni usiku bila kunishika mkono.

Nilimwambia asiogope, ni ndege tu. Haikusaidia kitu. Mtoto alikuwa hajawahi kumwona bundi; alimjua kwa sauti tu, gizani, pamoja na sura ya bibi yake iliyobadilika ghafla. Ndipo nikaanza kumtafutia vitabu vya picha. Kama na wewe una mtoto mwenye hofu hiyo, nakusihi uanze na picha kabla ya maneno.

Cha kwanza nilikipata Posta, Dar es Salaam, kwa muuza vitabu vilivyotumika: Owl Babies, hadithi ya Martin Waddell iliyochorwa na Patrick Benson, ya mwaka 1992. Makinda watatu, Sarah, Percy na Bill, wanaamka usiku ndani ya tundu la mti na kukuta mama yao hayupo. Hakuna jingine zaidi ya hilo, kumsubiri mama. Lakini tazama michoro! Benson amechora unyoya mmoja mmoja, mistari myembamba ya kalamu inayopishana, mpaka unatamani kupapasa karatasi. Usiku wake ni mweusi kweli, na weupe wa makinda unatokeza ndani yake kama pamba.

Siku ya kwanza sikusoma hata neno. Nilimwachia binti yangu kitabu mkekani, nikaendelea kuchambua mchele. Alikaa na ukurasa mmoja muda mrefu, kisha akauliza: "Mama, mbona huyu mdogo hivi na wamezaliwa pamoja?" Swali zuri mno, kwa sababu mchoraji hakubuni. Bundi wengi huanza kuatamia mara tu yai la kwanza likitagwa, kwa hiyo mayai hupishana siku za kuanguliwa, na kiotani wanakuwepo mkubwa, wa kati na kitindamimba. Nilipomweleza hivyo alimshika Bill kwa kidole, akasema, "Huyu ndiye mimi." Tangu siku hiyo bundi akawa na mama, na mama huyo hurudi.

Kwa hiyo chagua kitabu ambacho mchoraji wake amemtazama bundi vizuri: macho mawili yanayoangalia mbele, uso bapa, kucha, shingo inayogeuka mpaka nyuma. Bundi msomi wa miwani na kofia mwache kwanza. Huyo ametoka Ulaya, kwa Wagiriki wa kale waliomhusisha bundi na Athena, mungu wao wa hekima. Mtoto aliyemsikia wa kwetu mwembeni hataamini kwamba ni ndege yule yule. Ila kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu napenda sana A Bit Lost cha Chris Haughton, ingawa michoro yake ni ya maumbo mepesi na rangi kali. Kinda anaanguka kutoka kiotani na kumtafuta mama yake, na macho yake makubwa yanasema kila kitu.

Owl Moon nilikikosea. Ni cha Jane Yolen, na michoro ya rangi za maji ya John Schoenherr ilipata nishani ya Caldecott, tuzo ya michoro ya vitabu vya watoto nchini Marekani, mwaka 1988. Baba na mwanawe wanatembea usiku kwenye theluji kumtafuta bundi, na ukimya ndio moyo wa kitabu chenyewe. Mimi nikasimama kila ukurasa kueleza theluji ni nini, mpaka utamu ukaisha. Mara ya pili nilipunguza taa, nikasimulia kwa Kiswahili changu, kwa kunong'ona. Tulipofika pale bundi anapotokea na kujaza karatasi, binti yangu alikuwa ameshikilia pumzi.

Mtoto akifika miaka sita, msomee The Owl Who Was Afraid of the Dark cha Jill Tomlinson, cha mwaka 1968. Lipo pia toleo fupi la picha lililochorwa na Paul Howard. Plop ni kinda la bundi anayeogopa giza. Ni wa aina ile yenye uso mweupe wa umbo la moyo, na aina hiyo ipo huku kwetu pia, inalala kwenye mapaa na kula panya wa ghalani. Sauti yake ni ukelele mkali, si "huu, huu". Binti yangu ndiye aliyenikumbusha hilo: "Wa kwetu anapiga kelele, Mama." Nikamwambia basi huenda wa kwetu ni ndugu yake Plop.

Jambo la mwisho ni bibi. Usimfanye mzee aonekane mjinga mbele ya mjukuu wake. Nilimwomba mama yangu amsimulie mtoto aliyofundishwa na wazee wake kuhusu bundi, akamsimulia, na mtoto akasikiliza kwa adabu. Kisha akamletea Bibi kitabu.

Mwezi uliopita bundi alilia tena mwembeni. Mama yangu aliinuka kwenda kuchukua chumvi. Binti yangu akamfuata mpaka mlangoni. "Bibi, subiri kidogo. Huenda anawaita watoto wake." Mama yangu akasimama pale, kopo la chumvi mkononi, wote wawili wakitazama juu.