Kumpeleka jukwaani mzazi aliyefariki: jibu kwa aliyeuliza kuhusu igizo la mtu mmoja

Ndugu yangu, pole sana kwa msiba wa baba. Umeeleza kwamba umejaza kurasa nyingi kuhusu maisha yake na unataka kuziigiza ukiwa peke yako jukwaani, lakini hujui uanzie wapi, unaogopa kulia mbele ya watu, na dada yako hapendi mambo ya nyumbani yaanikwe nje. Nimeigiza peke yangu igizo kuhusu marehemu mama yangu kwa misimu kadhaa, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia, pamoja na machache niliyoyaona kwa waliotutangulia katika kazi hii.

Dondoo ya kurasa hizo uliyotuwekea imeandikwa kwa lugha nzuri, ila ni wasifu wa marehemu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapendwa na wengi, akaugua, akatutoka. Wasifu wa namna hiyo unatosha msibani kwa sababu wanaousikiliza tayari wanamfahamu anayesemwa. Aliyelipa kiingilio hamfahamu baba yako, wala hadaiwi machozi yoyote. Mbele ya mtu huyo sifa hazisaidii, kwa kuwa mhusika wa jukwaani huanza kuishi pale anapotaka kitu na kitu hicho kikawa hakipatikani kwa urahisi. Jiulize baba yako alitaka nini, hasa katika miaka ambayo wewe hukuwapo, na ni nani au nini kilichomzuia. Ukilipata jibu la swali hilo, nusu ya kurasa zako zitajiondoa zenyewe.

Mama yangu alikuwa muuguzi wa wodini. Ningeweza kuwaambia watazamaji kwamba alikuwa mtu wa nidhamu, na wangeniamini, kisha wangesahau kabla sijamaliza sentensi. Badala yake jukwaani kuna kitanda kimoja, nami nakitandika kama alivyokitandika yeye: shuka linarushwa mara moja na kuachwa litue, linanyooshwa kwa mgongo wa mkono, pembe inainuliwa, inakunjwa kwa mshazari na kuingizwa chini ya godoro, halafu linafuata kofi dogo la kuthibitisha. Nilifundishwa hayo na mwenzake wa kazini, ambaye hakuwa na huruma nami hata kidogo. Baadaye katika igizo, mama ni mgonjwa na ni mimi ninayembadilishia shuka akiwa amelala palepale. Wauguzi humgeuza mgonjwa ubavu, wakaviringisha shuka chafu kwa urefu hadi mgongoni pake, wakatandaza safi upande ulio wazi, kisha wakamgeuza apite juu ya mviringo ule kuelekea upande wa pili. Mama anatoa amri zote akiwa ameupa uso ukuta: “Pembe hiyo imelegea. Rudia.” Watu hucheka sana hapo, na huendelea kucheka mpaka wanapotambua kwamba anayesahihishwa hatakuwa na wa kumsahihisha tena. Sisemi neno moja la majonzi katika onyesho hilo, na sijaona haja ya kulisema.

Ndiyo maana nakushauri kifo ukitangaze mapema, ikiwezekana katika dakika za kwanza. Ukikificha hadi mwisho, watazamaji watakaa wakikisubiri, na wewe utashawishika kukipamba. Wakishajua kwamba baba amefariki, kila anapoingia jukwaani akiwa kijana mwenye hasira au mwenye mapenzi, uhai wake wenyewe ndio utakaowauma.

Katika hili nawaheshimu sana wachache. Lisa Kron, mwandishi na mwigizaji wa Marekani, katika igizo lake la mtu mmoja 2.5 Minute Ride, anasimulia safari aliyofanya na baba yake kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland walipouawa wazazi wa baba huyo, huku akiichanganya na safari ya familia kwenda kwenye bustani ya michezo na mabembea ya kasi. Anazieleza picha za familia moja baada ya nyingine kana kwamba zinaonekana ukutani, lakini kinachoonekana ni miraba mitupu ya mwanga, kwa hiyo kila mtazamaji analazimika kuzijaza mwenyewe. Kwa maoni yangu ni uamuzi wa kijasiri kuliko skrini yoyote iliyojaa picha za marehemu, na nasema hivyo nikijua kwamba umepanga kutumia albamu nzima.

Umeandika pia kwamba baba yako hakuwa msemaji, na unalitaja hilo kama upungufu wa igizo. Mimi naona ni mali. Lynn Redgrave, mwigizaji wa Uingereza aliyeigiza mwaka 1993 Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, igizo lake kuhusu baba yake, mwigizaji Michael Redgrave, alisimulia jinsi alivyoitafuta katika shajara ya baba siku aliyozaliwa yeye, akakuta hakutajwa. Kutokutajwa huko kulimpa sababu ya kuzungumza usiku mzima. Kimya cha baba yako kinaweza kukufanyia kazi hiyohiyo, mradi usikitafsiri kwa niaba yake.

Kuhusu kugeuka kutoka wewe kuwa yeye, usihangaike na kuiga sauti. Uigaji huchosha masikio upesi, na mara nyingi huangukia kwenye mzaha. Chagua mahali pa macho. Mtoto hutazama juu, mzazi hutazama chini, na sehemu hizo mbili zisibadilike mpaka mwisho. Baada ya muda mfupi watazamaji watajua ni nani anayesema hata kabla hujafungua mdomo.

Tafuta mwongozaji ambaye hakuwahi kukutana na baba yako. Anayemkumbuka atakuwa analia pamoja nawe wakati unahitaji mtu wa kukwambia, “Hapa sijamwelewa.”

Sasa kuhusu kulia. Jukwaani kinachotuangusha ni sentensi ambayo mwili haukuitarajia. Katika mazoezi, sehemu inayokukaba irudie ukiwa na kazi ya mikono, kazi halisi inayohitaji umakini, kwa sababu anayekunja kitu kwa uangalifu hupumua vizuri kuliko aliyesimama tu akiukabili ukumbi. Yakija machozi siku ya maonyesho, nyamaza, pumua, endelea ulipoishia. Usiombe radhi, kwani ukishaomba radhi watazamaji wataacha kumfuata baba yako na kuanza kukuonea huruma wewe. Na ikiwa baada ya mazoezi mengi kuna ukurasa ambao bado huwezi kuuvuka, uondoe kwa sasa. Binafsi nisingeshauri mtu apange tarehe ya kuigiza wakati bado hawezi kufungua kabati la nguo za marehemu.

Dada yako mpe mswada wote ausome, na umpe kabla hujatangaza lolote. Mimi hutofautisha yale yanayomhusu yeye moja kwa moja, kwa mfano ndoa yake, ugonjwa wake, au maneno aliyoyasema akidhani hayasikiki, na yale ambayo wewe mwenyewe uliyaishi na baba. Ya kwanza ana haki ya kuyakataa na hutakiwi kubishana naye. Ya pili ni yako. Huenda akakumbuka tukio moja tofauti kabisa na wewe. Usitafute nani mkweli, bali uingize ubishi huo ndani ya igizo. Kwangu kuna sehemu ambapo nasimama katikati ya onyesho na kusema, “Kaka yangu anasema mama hakuwahi kutamka hivyo,” kisha narudia tukio kwa jinsi anavyolikumbuka yeye. Kaka huyohuyo, aliyekuwa mkali kuliko dada yako, siku hizi hunikumbusha nisiiruke sehemu hiyo.

Umeuliza mwishoni kama ucheze sauti yake uliyoirekodi wakati anaumwa. Usiicheze hiyo. Sauti halisi ya marehemu ikisikika ukumbini, uigizaji wako wote hugeuka kuwa kitu cha bandia papo hapo, tena sauti ya mgonjwa huwafanya watu wajione wameingia chumba wasichoalikwa. Kama ni lazima isikike, tafuta rekodi ya siku za kawaida ambapo anasema jambo lisilo na uzito wowote, labda anamwelekeza mtu njia au anauliza ni nani aliyeacha mlango wazi, na uiache iwe fupi.