Simu imeshuka bei wiki ya sita: nilipigwa, au nilijipiga mwenyewe?

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kula kwetu Jumapili moja akiwa na simu mpya mkononi. Nilipoitazama vizuri, moyo ukanipasuka. Ilikuwa ni ile ile yangu: toleo lile lile, rangi ile ile ya kijani iliyofifia, hata kava lenye pete ya kuingizia kidole tulikuwa tumefanana.

"Shem, hiyo umechukua shilingi ngapi?"

"Laki tisa na thelathini tu," akajibu huku anajipakulia pilau, kama mtu anayetaja bei ya vitumbua.

Yangu nilikuwa nimeinunua sh. 1,180,000. Wiki sita tu zilikuwa zimepita. Mtaa ule ule wa Aggrey, Kariakoo, na tulivyozidi kuulizana tukagundua ni duka lile lile. Pilau ilinishinda siku hiyo.

Ni vizuri mjue pesa ile ilitoka wapi. Mimi napika keki nyumbani, Tabata, na wateja wangu wengi wananiona kupitia status ya WhatsApp. Simu yangu ya zamani ilikuwa na kamera inayodanganya rangi. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza mbona keki ya harusi ina rangi ya ugali wa dona. Kwa hiyo zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa ilipofika, kijumbe aliponikabidhi 1,200,000, sikulala nayo. Simu ilikuwa imezinduliwa siku chache nyuma, kila mtu anaizungumzia, na mimi nikapanda daladala nikaenda kuwa miongoni mwa wa mwanzo. Nilirudi na boksi na elfu ishirini, na nauli ikatoka humo humo.

Jumatatu baada ya ile pilau nilirudi dukani na risiti yangu. Nilijiandaa njiani nzima, maneno makali niliyapanga kama mizigo ya machinga. Kijana wa dukani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dada'angu, ile ilikuwa bei ya siku ile. Ukinunua nyanya Ijumaa sado elfu tano, Jumatatu ukikuta elfu tatu, unamrudia mama wa nyanya akupe elfu mbili yako?"

Nilikosa jibu. Kibaya zaidi, alikuwa amenigusa penyewe, kwa sababu hata mimi nafanya hivyo. Keki za vipande ninazobaki nazo jioni ya sikukuu naziuza nusu bei kesho yake, na hakuna mteja wa jana aliyewahi kunigongea mlango akidai chenji.

Lakini niliporudi kwenye daladala nililipata jibu, kwa kuchelewa kama kawaida. Nyanya ya Ijumaa inakuwa imeshaliwa, hakuna anayeikumbuka. Simu unabaki nayo mkononi. Kila ukiiwasha kuangalia saa inakukumbusha kwamba wewe ndiye uliyelipa zaidi. Ndiyo maana hasira yake haifanani na hasira ya hasara nyingine. Pesa inauma, ndiyo, ila kinachochoma zaidi ni kuhisi umeingizwa mjini mbele ya shemeji.

Baada ya hapo nilianza kuulizia, maana mimi nikiumizwa na kitu lazima nikijue kilivyo. Mama mmoja anayeuza simu kwa jumla, mteja wangu wa keki, alinieleza bila kunizungusha. Wiki za mwanzo baada ya uzinduzi simu zinazofika hapa ni chache, nyingine zinakuja kwenye begi la mtu aliyepanda ndege kutoka Dubai. Kila zinapopita kuna wa kula cha juu: aliyezileta, mwenye duka, na kama uliongozwa na winga, yule dalali wa mtaani, winga naye. Wanaozitaka siku hizo ni wale wasioweza kusubiri, na bei inapangwa kwa ajili yao. Mwezi wa pili mzigo mkubwa unaingia, maduka kumi ya mstari mmoja yana kitu kile kile, na hapo ndipo wanaanza kushushiana.

Jambo jingine alilonieleza lilinikera mpaka leo. Mara nyingi kampuni ikishusha bei rasmi, wasambazaji wake hufidiwa kwa mzigo ambao bado uko ghalani, ili wasiuze kwa hasara. Yaani kinga ipo, imeandikwa kwenye mikataba yao. Sisi tulioubeba mzigo nyumbani ndio hatumo.

Na si Kariakoo peke yake. Apple ilianza kuuza iPhone ya kwanza kabisa huko Marekani tarehe 29 Juni 2007, ile ya GB 8 kwa dola 599. Tarehe 5 Septemba, siku 68 baadaye, ikashushwa kwa mpigo hadi dola 399. Watu waliokuwa wamepanga foleni kwenye maduka walichachamaa, barua pepe za malalamiko zikammiminikia mkuu wa kampuni, Steve Jobs. Kesho yake tu akatoa barua ya wazi. Alishikilia kwamba kushusha bei ulikuwa uamuzi sahihi, na kwamba mtu anayesubiri kila mara bei ishuke hatanunua kifaa chochote maishani. Ila akaomba radhi na kuwapa wale wa mwanzo salio la dola 100 la kununulia vitu kwenye maduka ya Apple. Waliokuwa wamenunua ndani ya siku 14 za mwisho ndio waliorudishiwa dola 200 kamili.

Nintendo nayo yaliikuta mwaka 2011. Kifaa chake cha michezo cha mkononi, 3DS, kiliingia sokoni Marekani mwezi Machi kwa dola 249.99, na mwezi Agosti kikawa dola 169.99. Wa mwanzo walipewa michezo 20 bure ya kupakua, ya zamani zamani, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara. Hilo la mshahara nililipenda. Natamani kijana wa Aggrey angelisikia.

Angalia lakini walichotoa: salio la dukani, michezo ya zamani. Pesa taslimu hawakutoa, isipokuwa kwa wale wa siku 14. Muuzaji hutoa kwa urahisi kile ambacho kwake ni cha bei ndogo. Mimi nilipokwenda dukani nilidai 250,000 taslimu, ndiyo maana nikarudi mikono mitupu. Nilikwenda tena wiki iliyofuata, safari hii bila ukali, nikasema, "Mdogo wangu, ya bei tuyaache. Nifanyie chochote, mimi ni mteja wako." Nikatoka na chaja ya pili, protekta ya kioo iliyobandikwa hapo hapo, na spika ndogo ambayo watoto wameing'ang'ania. Thamani yake rejareja labda elfu sabini. Kwake yeye sidhani ilifika hata nusu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa unabaki kuomba tu. Mwulize muuzaji waziwazi: ikishuka ndani ya wiki mbili, tunafanyaje? Wengine watacheka. Lakini duka linalotaka urudi linaweza kukubali, hata kama ni kukupa tofauti kwa vifaa vya ziada, na akikubali mwambie aandike nyuma ya risiti na kugonga muhuri. Na risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye tarehe na bei halisi uliyolipa. Ukikubali kuandikiwa bei pungufu ili "tukusaidie kidogo", siku ya kudai chochote huna mguu wa kusimamia.

Pili, kabla ya kuitazama simu mpya, itazame bei ya kaka yake. Toleo lililotangulia la jina hilo hilo liliuzwa ngapi lilipotoka, na miezi mitatu baadaye lilikuwa ngapi? Hili halihitaji elimu. Maduka mengi yana kurasa za Instagram zenye posti za tangu mwaka juzi, bei zimeandikwa humo humo kwenye picha. Mimi nilishuka kwenye ukurasa wa duka langu na kuona kwamba lile toleo la nyuma lilishuka mwezi wa pili vile vile, na lililotangulia hilo nalo hivyo hivyo. Ilikuwa imeandikwa wazi. Sikusoma kwa sababu sikutaka kusoma, pesa ilikuwa inaniwasha mkononi. Hapo ndipo nasema nilijipiga mwenyewe.

Kampuni nyingine zina kalenda inayojulikana kabisa. iPhone mpya kwa kawaida hutangazwa Septemba, na Apple wakibakiza toleo la nyuma dukani hulipunguza siku ile ile. Ilipotoka iPhone 15 mwaka 2023, iPhone 14 ilipunguzwa dola 100 papo hapo. Samsung Galaxy S kwa miaka ya karibuni hutangazwa Januari au Februari. Kununua toleo kubwa mwezi mmoja kabla ya mrithi wake kutoka ni kujitafutia presha.

Tatu, na hili ni kwa wanaolipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Bei ya jumla mkikubaliana ndiyo hiyo, hata simu ikishuka sokoni kesho. Jirani yangu alifikia kulipa jumla ya pesa ambayo ingenunua simu mbili za aina ile kwa bei ya siku hiyo, na bado alikuwa amebakiza miezi miwili. Akichelewa, simu inajifunga. Simkatazi mtu, najua si kila mmoja ana zamu ya mchezo. Nasema tu kwamba kama ni kulipa kidogo kidogo, chukua toleo ambalo bei yake imeshatulia. Usichukue la wiki ya uzinduzi.

Sasa, shemeji asije akajiona mjanja kupita kiasi. Bei kuporomoka haraka sana wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa. HP walitoa tableti yao ya TouchPad Julai 2011 kwa dola 499 ile ya GB 16. Haikufika hata wiki saba wakatangaza kuacha kuitengeneza, na ikauzwa dola 99. Watu waligombania, wakidhani wameokota dodo chini ya mnazi. Kumbe walichobeba ni kifaa ambacho mwenyewe ameshakitelekeza. Kwa hapa kwetu kipimo changu ni kioo: kabla ya kushangilia bei, pita kwa fundi simu uulize kama kioo cha toleo hilo kinapatikana na ni shilingi ngapi. Fundi akikuna kichwa, iache. Na kama bei ni ya kushangaza mno, bonyeza *#06# uone kama namba za utambulisho wa simu (IMEI) zinalingana na zilizo kwenye boksi, kabla ya kumlaumu au kumsifu mtu yeyote.

Nilifanya na hesabu moja ambayo ilinituliza kuliko spika ya bure. Katika zile wiki sita nilipata oda 31. Tisa kati yake zilitoka kwa watu wapya walioniambia wazi kuwa wameziona picha. Faida yangu kwa keki ya kawaida ni kama 25,000, kwa hiyo picha ziliniletea 225,000 wakati shemeji bado anasubiri. Tofauti yetu ya bei ni 250,000. Hasara yangu halisi basi ni 25,000, na sahani moja ya pilau. Kama simu ningekuwa naitumia kuangalia vichekesho tu, hesabu ingekuwa mbaya sana. Na kama mtu ananunua ili aonekane nayo wa kwanza ukumbini, sina neno, hiyo nayo ina thamani yake. Ila aijue bei yake kabla.

Mama mkwe alipoisikia habari yote alitikisa kichwa akasema subira yavuta heri. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini kwa vifaa hivi methali hiyo ina mashimo. PlayStation 5, mashine ya michezo ya video, ilitoka Novemba 2020, na badala ya kushuka kama zilivyozoea kushuka za nyuma yake, Sony waliipandisha bei Agosti 2022 katika nchi nyingi. Uingereza ilitoka pauni 449 ikawa 479. Waliosubiri walilipa zaidi.

Nimeyaona kwa macho yangu pia. Tangu Machi naivizia mashine ya kukorogea keki, ile ya bakuli la lita saba. Safari hii nimefanya kila kitu kwa utaratibu: bei nimeiandika kwa kalamu kwenye kalenda ya jikoni, kila mwisho wa mwezi naulizia tena maduka matatu. Machi ilikuwa 420,000. Juni 430,000. Juzi nimeambiwa 455,000, na kijana akaongeza kwamba zimebaki mbili. Shemeji, ambaye sasa kila Jumapili anakuja kuikagua ile kalenda kabla hajaomba sahani, ameanza kunishauri ninunue.