Mapacha wananivurugia usafi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina mapacha wa miaka mitatu, niko Tanga. Nikideki sebule wanakanyaga maji, nikikunja nguo wanazikunjua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelea watano kwenye vyumba viwili, najua unavyochoka. Usiwafukuze, wape kazi. Wangu niliwawekea beseni uani, maji kidogo na vikombe vya plastiki, wakawa "wanaosha vyombo" huku nami nikifagia ua huo huo, macho kwao. Beseni hilo usiliache hata dakika moja, mtoto huzama hata kwenye maji machache. Ukiingia ndani, yamwage kwanza.

Wakati wa nguo, mmoja atafute soksi zinazofanana, mwingine akusanyie kanga. Watakosea. Usikunje upya mbele yao, inawavunja moyo.

Dawa ya choo na mafuta ya taa viweke juu kabisa, na nakusihi, usivitie kamwe kwenye chupa ya soda.

Sebule ideki wakilala mchana. Vitu vya kuchezea, nusu vifiche kapuni. Ukivitoa Jumamosi watavipokea kama vipya, nawe utapata nafasi ya kupanga kabati.