Uwazi kati ya majedwali: usiufute, ubane

Swali: Assalamu alaykum, kaka. Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wa karafuu, Wete. Programu yetu hutoa ripoti ya Word yenye majedwali 30, kila kikundi cha wachumaji na lake. Kati ya jedwali na jedwali pana uwazi, na ripoti ya kurasa nne inafika tano. Fundi anasema ni virusi, kompyuta ipigwe window. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykumu ssalamu, dada yangu. Usiipige window. Hapo hapana virusi, na fundi huyo hata ripoti yenyewe hakuifungua.

Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Baina ya jedwali la kikundi kimoja na jingine, tuseme la Mtambwe na la Piki, utaiona alama ya ¶ imekaa peke yake. Hiyo ni aya tupu. Kwenye Word ya 2013 na kadhaa zilizofuata, aya ya kawaida ina herufi za ukubwa wa 11 na pointi 8 za uwazi chini yake, kwa hiyo hata bila neno hula karibu milimita 8. Zidisha kwa majedwali 30, umeupata ukurasa wako wa tano.

Kinachonikera kila msimu ni watu kudhani aya hiyo ni taka. Ndiyo inayoyatenga majedwali; ukiifuta, Word huyaunganisha yakawa moja. Niliwahi kuletewa ripoti iliyosafishwa hivyo steshenari, kwa malipo ya kila ukurasa. Ukurasa wa pili ulianza na kichwa cha Mtambwe juu ya pishi za Piki, maana yakishaungana, Word hurudia kichwa cha jedwali la kwanza tu. Mchumaji wa Piki alikuja kutafuta pishi zake, akaambiwa hazimo. Alikuwa amezichuma kwa mikono yake.

Basi ibane. Fungua kiolezo ambacho programu huzalishia ripoti, wala si ripoti iliyokwisha kutoka. Chagua ile ¶, ukubwa wa herufi uwe 1. Kwenye mpangilio wa aya, uwazi wa juu na wa chini uwe 0, na nafasi ya mstari iwe Exactly, pointi 1. Hifadhi, kisha toa ripoti upya. Kama kiolezo kina amri ya kurudia jedwali kwa kila kikundi, iliyoandikwa kwenye mstari wake peke yake, nao mara nyingi hubaki kama aya tupu. Uupe vipimo hivyo hivyo. Ukiona uwazi wa nusu ukurasa, hilo ni jambo jingine: tazama kama mistari ya jedwali imewekewa Keep with next, yaani amri ya kuubakiza mstari ukurasa mmoja na unaoufuata.

Na wengine wanaosoma hapa, tafadhalini, acheni kupiga picha majedwali na kuyabandika ili "yakae vizuri". Tarakimu zilizogeuzwa picha hazijumlishiki wala hazitafutiki, na mwenye kosa lake hana pa kulisahihisha. Kusafisha kwa mkono nako utalipia tena mwezi ujao, kwa sababu kiolezo kimebaki vile vile. Anayekutoza pesa kwa kazi hiyo, mwambie kwanza akuonyeshe ¶ iko wapi. Akishindwa, chukua flashi yako uondoke.